Norbert Wilondja, Mwigizaji Aliyekataa Kufa Jukwaani

Wasikilizaji wapendwa wa Baraka, wa Nundu, wa Kazimia, nanyi mnaotusikia kule Ubwari, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Norbert Wilondja, mwigizaji. Norbert ametutoka wiki mbili zilizopita, hapa Baraka, kwa ugonjwa wa presha. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Mimi nimemkosa sana, na leo sitaficha.

Norbert alizaliwa Ubwari, mwana wa mvuvi. Miaka kumi na minane iliyopita aliigiza kwa mara ya kwanza, hapa Baraka, katika sali, ule ukumbi wa parokia. Mama yake, Mama Suzanne, alipanda mtumbwi na majirani zake kuja kumtazama. Hakuna aliyewaeleza kwamba katika mchezo ule Norbert anakufa.

Basi, akafa. Alikufa vizuri mno! Mama Suzanne akafungua kitambaa cha kichwa, akapiga kelele ya msiba. Wamama wa Ubwari wakaitikia. Sali nzima ikalia. Nami nililia, tena kwa sauti. Norbert akaamka haraka kumtuliza mama, lakini mtumbwi mmoja ulikuwa umekwisha ondoka kurudi Ubwari na habari ya kifo. Kesho yake ndugu wakafika na mihogo ya matanga, wengine vichwa vimenyolewa. Wakamkuta marehemu anakunywa chai.

Tulicheka, wasikilizaji wapendwa. Tulicheka miezi mitatu. Kisha baba yake Norbert akaenda kuvua, asirudi.

Mama Suzanne akamwambia mwanawe: "We uliita kifo kwa mchezo. Kilikukosa we, kikamubeba baba yako. Mi sitakuja kukuangalia tena."

Na kweli hakuja. Norbert aliigiza michezo zaidi ya arobaini, Kazimia, Nundu, Fizi. Kabla ya kila mchezo aliwatuma wauza samaki wampelekee mama siku na saa. Jibu lilikuwa lilelile: kikapu cha ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwa waigizaji wote, na mama hayumo. Hakumchukia mtoto wake. Aliogopa tu.

Tangu siku ile Norbert hakufa tena jukwaani. Hata mara moja. Mtengenezaji wa filamu mmoja, Guy, alikuja kutoka Bukavu kumpa nafasi kubwa, lakini shujaa wake anakufa mwishoni. Norbert akamwambia: "Unibadilishie mwisho, ao utafute mwengine." Guy akatafuta mwingine.

Georgette, mke wa Norbert, aliniambia: "Nilimukasirikia sana. Akanijibu, 'Siku mama atakuja, asinikute nimelala kama maiti.'"

Baadaye aliigiza filamu moja ndogo, na rafiki yake Eddy ndiye aliyeshika kamera. Ni dakika ishirini na sita. Norbert ni mume anayejidai simba barabarani, nyumbani anamwogopa mkewe. Nani Baraka hajaicheka?

Siku ya tatu ya matanga Eddy aliomba kuionyesha. Wazee wakakataa: filamu ya kuchekesha, msibani? Mama Suzanne, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka, akasema: "Muweke. Nimuone."

Norbert akatokea, anatembea, anajitapa. Hakuna aliyethubutu kucheka. Kisha mama akacheka. Alicheka huku machozi yanashuka. Ilipokwisha akasema: "Batu bote banamujua. Mi tu mama yake sikumujuaka." Kisha akamgeukia Eddy: "Sasa muweke ile ingine."

Eddy akamweleza ukweli, wasikilizaji wapendwa. Ile nyingine haipo. Michezo zaidi ya arobaini, na hakuna hata mmoja uliorekodiwa. Ilikuwa ya kutazamwa siku yake, na siku zake zimepita.

Kwako Mama Suzanne, kwako Georgette na watoto, kwa Eddy na waigizaji wote, tunawapa pole. Hatuna neno la kuziba pengo hilo. Mungu awashike mkono, nasi tupo pamoja nanyi.

Nawe unayenisikiliza, yuko mtu wako anayefanya kazi ambayo hujawahi kuiona, labda kwa hasira, labda kwa woga. Nenda ukaitazame, naye akiwa bado anaweza kugeuka na kukuona umekaa pale.