Mwalimu Aliyesema "Ndiye"

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, fundi cherehani, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, na naomba mnivumilie, kwani msemaji wa nyumba yetu alikuwa yeye.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa mpiga chapa na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akaanza shule ya msingi mwaka 1966, na tangu hapo hatukupata raha, maana maji yalipokatika mtaani kwetu huku bustani za ng'ambo ya barabara zikimwagiliwa, sisi tulitaka maji, yeye alitaka sababu. Mwaka 1979 alijiunga na chuo kikuu kusoma sosholojia, somo ambalo baba alijivunia kulitamka ingawa alikufa bila kulielewa, na mwaka 1984 akaajiriwa hapohapo kuwa mhadhiri.

Tarehe 5 Septemba 1987 alifunga ndoa na mpima ardhi, wakajaliwa binti mmoja mwaka 1989, shemeji yetu akafariki kwa ajali mwaka 1996, naye akamlea mwanawe peke yake, ghorofa ya tatu, katika nyumba za chuo.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kukaa na wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, hasa akina mama wa zamu ya usiku waliofungiwa ndani kwa kufuli, akiwaeleza kwamba ukatili si rungu peke yake, hata mlango unaofungwa kwa utaratibu, na mtu mwenye adabu zake, unaumiza. Utaratibu huo aliuita mfumo, na ili wauone vizuri aliusema kama mtu, Mfumo amekuja, Mfumo amefunga, Mfumo amelala usingizi mnono, akina mama wakicheka, na fundi wa kuchomelea vyuma, aliyekuwa kiongozi wao, akalipenda neno hilo mno, hata bomba likivuja alilaumu mfumo, mpaka wenzake wakambandika jina, wakamwita Mfumo.

Julai 2003 wafanyakazi waliandamana kudai milango iachwe wazi, askari wakawarudisha nyuma kwa virungu, geti lilikuwa limefungwa, na mama mmoja akafa kwa kukanyagwa. Mbele ya tume ya uchunguzi dada aliulizwa ni nani aliyesababisha kifo kile, naye, kwa mazoea yake, akajibu kwamba Mfumo ndiye aliyemuua, na asipokamatwa ataua tena. Angesema mfumo ndio uliomuua, leo ningekuwa nasoma historia nyingine. Jioni ileile yule fundi aliyeitwa Mfumo alikamatwa mbele ya mkewe, dada akarudi mbio kwenye tume kufafanua, akaambiwa ushahidi umeshapokelewa, na wakubwa wale, ambao Kiswahili walikijua vizuri sana, walifurahi kupata mtu wa kufunga badala ya mlango wa kufungua.

Fundi alikaa rumande zaidi ya mwaka, akaachiwa bila mashtaka, mkono wake wa kulia ukiwa haukunjuki sawasawa, na wafanyakazi wakampa dada mgongo, akifika tu maongezi yanakatika. Darasani alibadilika, mwanafunzi akitaja mfumo alimtaka ataje pia nani ameshika rungu, nani alimpa, na kama ana hakika na anayemtaja, wakamwita Bi Ndiye, naye akajua wanavyomwita. Mara nyingi alikwenda kuomba radhi, fundi akainua miwani ya kuchomelea, akasema, nimesikia mwalimu, Jumapili moja nitakuja kwako tuongee, kisha akaishusha. Dada aliishika ahadi hiyo, kila Jumapili alasiri hakutoka, wasije wakapishana, na binti yake akipiga simu kutoka mbali alimwambia asikae sana hewani, mama ana mgeni.

Alistaafu mwaka 2018, mwaka 2021 akaanza kuugua figo, na Jumapili tarehe 5 Februari 2023, akiwa wodini, aliniomba niende nikakae nyumbani kwake, mgeni asije akakuta mlango umefungwa, nikaenda, nikakaa hadi jioni, hakuja mtu, na ndiyo maana dada alipokata roho jioni hiyo hakuwa na ndugu pembeni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa ghorofa ya tatu waliompandishia maji, na wahadhiri wenzake. Fundi, tumekuona umesimama kule nyuma tangu asubuhi, umechelewa, hatukufichi, na inatuuma, lakini umekuja, tunakuomba usogee huku mbele, ukae na binti yake.

Dada, mgeni wako amefika, sasa pumzika kwa amani.