Mama Nukta na Swali Lililokosekana Kwenye Fomu

Ijumaa tarehe 30 mwezi huu, saa kumi jioni, mtaalamu mwandamizi wa maabara yetu atavua koti jeupe alilolivaa kwa miaka thelathini na moja. Masijala wanamwandika kwa jina lake kamili. Sisi wengine, kuanzia madaktari bingwa hadi walinzi wa getini, tunamwita Mama Nukta.

Jina hilo alilipata mwaka wake wa tatu, alipopanda ngazi ghorofa nne, lifti ikiwa imekufa, kumfuata daktari aliyesoma 3.5 kama 35. Alimkuta anakunywa chai. Hata salamu hakutoa. Aliizungushia ile nukta duara jekundu, akashuka. Aliwahi pia kumrudishia mkuu wa idara vichupa saba visivyo na lebo, na mkuu alipolalamika akajibiwa, "Damu isiyo na jina ni maji ya rangi, Daktari." Tulicheka wiki nzima, mkuu mwenyewe akiwemo.

Alianza kwa kuosha vyombo vya kioo vya maabara. Alisoma masomo ya jioni huku akilea watoto wawili peke yake baada ya kufiwa na mumewe. Hospitali ilipoanza kupandikiza maini, miaka tisa iliyopita, yeye ndiye aliyekabidhiwa kipimo cha kugundua pombe. Mgonjwa ambaye ini lake la kwanza liliharibiwa na pombe huahidi kutokunywa tena, na kila mwezi hutoa damu. Akinywa, pombe huacha alama katika chembe nyekundu, na alama hiyo huonekana hata wiki tatu au nne baadaye. Wapo watu wanaotembea leo kwa sababu Mama Nukta aliiona mapema, wakasaidiwa kabla hawajazama tena.

Nilipomwonyesha rasimu ya waraka huu wa kumuaga, ikiwa imeishia hapo, aliirudisha mezani. "Mwandike Fundi," aliniambia. "Usipomwandika yeye, usiniandike na mimi."

Fundi alikuwa seremala. Aliishi kwa sehemu ya ini la binti yake wa pekee, aliyekubali kupasuliwa ili baba yake apone. Kwa miezi kumi na minne damu yake ilikuwa safi. Kila mara aliegemea dirisha letu na kuuliza, "Haya, Mama Nukta, umenikuta na nini?"

"Sifuri, Fundi."

"Mwambie binti yangu kwa sauti, asikie mpaka kule kwenye benchi!"

Mwezi wa kumi na tano mashine ilionyesha alama. Mama Nukta alirudia kipimo mara tatu, jibu likabaki lilelile. Akatia sahihi, nami nikatia ya pili kama mhakiki. Fundi aliapa kwamba hajagusa pombe. Mimi ndiye niliyesema, tena kwa sauti, kwamba wote husema hivyo.

Binti yake alimkabili koridoni, mbele yetu. "Nilikatwa tumbo kwa ajili yako, Baba. Nilikatwa ili ukanywe?" Akaondoka. Fundi alimfuata hadi kwenye ngazi, akasimama pale na kofia mkononi, watu wakimpita.

Hakurudi kliniki. Baadaye tuliambiwa kwamba aliacha hata dawa za kuzuia mwili usilikatae lile ini. Miezi mitano ikapita, akaletwa akiwa na macho ya manjano. Jopo la madaktari lilijadili kama aingizwe kwenye orodha ya kupata ini jingine. Faili lilisema amerudia pombe. Hakuingizwa.

Siku tatu baada ya uamuzi huo, muuguzi wa wodi alileta vichupa vyake akawa anasikitika dirishani. "Maskini. Hata ile mara aliyotokwa damu kwa vidonda vya tumbo, akaongezewa chupa mbili, hakusumbua mtu."

Mama Nukta aliweka kalamu chini. "Aliongezewa lini?"

Ilikuwa siku nane kabla ya kile kipimo chetu. Damu ya mchangiaji anayekunywa inaweza kumwingia mgonjwa pamoja na alama yake. Mama Nukta alilijua hilo, na mimi nililijua. Lakini fomu yetu haikuwa na swali la kuongezewa damu, na hakuna kati yetu aliyeuliza. Alifungua friza, akakitafuta kichupa cha damu aliyotolewa Fundi asubuhi ya siku ile ya kuongezewa, kabla hajaongezewa. Akakipima. Sifuri.

Alipanda ghorofa nne mbio, akiwa na miaka hamsini na sita. Fundi alimsikiliza hadi mwisho. "Si niliwaambia," alisema, bila hasira. Kisha akauliza, "Kidonda cha mwanangu kilipona vizuri?"

Mama Nukta hakujua. Alimpigia binti simu palepale, na binti akasema anakuja kesho kwa basi la kwanza. Jopo lilimwingiza Fundi kwenye orodha jioni ile. Kesho yake saa mbili asubuhi alifariki. Binti alifika saa sita, akakuta kitanda kimeshatandikwa shuka jipya.

Mama Nukta alimweleza kila kitu, na lile swali la baba yake pia. Binti alishika tumbo kwa mikono yote miwili, akaondoka. Yeye mwenyewe anapaswa kupimwa ini kila mwaka. Hajaja mwaka wa tatu huu.

Sasa swali la kuongezewa damu liko juu kabisa kwenye fomu, na hospitali nyingine zimeliiga. Uongozi unaliita mafanikio, lakini Mama Nukta hutoka chumbani wanapolitaja. Tangu hapo amekuwa akirudia kila kipimo mara tano, kisha mara saba. Mikono ilipoanza kutetemeka akaomba kuondoka mwaka mmoja kabla ya wakati wake.

Mama Nukta, asante kwa kutufundisha kazi, na kwa kutonilaumu hata siku moja, ingawa ningepumua zaidi kama ungenilaumu. Hatukwambii usahau, maana hutatii. Tunakutakia afya, mikono iliyotulia, na maisha mema kwa kadiri yatakavyowezekana.