Mama Wilkista na Haki Zinazomfunga Hata Shemeji

Baada ya miaka ishirini na minne katika kituo chetu cha msaada wa kisheria hapa Kitale, Mama Wilkista Nabwile anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025. Nimeombwa niandike wasifu wa kuchangamsha sherehe. Nitajaribu.

Alianza kama karani wa mapokezi, akasomea usaidizi wa kisheria, na tangu Katiba mpya ipitishwe amezunguka makanisa na masoko kutoka Kipsongo hadi Naitiri akifundisha jambo moja: haki za msingi hazimfungi chifu na polisi peke yao. Zinamfunga pia mwajiri, mwenye nyumba, mchungaji na shemeji. Mila huheshimiwa, lakini haina ruhusa ya kumnyang'anya mtu haki yake.

Kuna wakati mwenye nyumba mmoja wa Kipsongo, Bwana Kang'ethe, aling'oa mlango wa mpangaji wake kwa sababu alihama kanisa walilosali pamoja. "Katiba ni ya serikali bana," alisema, "kwani mimi ni serikali?" Mama Wilkista aliweka kiti pale palipokuwa na mlango, akatoa uzi, akaanza kufuma sweta. Watu walijaa kumtazama mpaka Kang'ethe akaona haya, akaurudisha mlango mwenyewe. Sweta alipewa mtoto wa mpangaji.

Wajane aliwasisitizia siku ya tatu baada ya mazishi, ukoo unapoketi kugawa vitu vya marehemu. Mila humtaka mjane akae chini, anyamaze. Yeye aliwahimiza waseme, hata kama sauti inatetemeka. Wengi walisema, na leo wanalima mashamba yao.

Aprili mwaka huu mumewe, Mzee Wakhungu, alifariki. Siku ya tatu, kule Matulo, mdogo wa marehemu aitwaye Makokha alisimama akatangaza kwamba boma ni lake, kwa kuwa mjane hakuzaa mtoto wa kiume. Sisi wafanyakazi wenzake tuliokuwepo tulimtazama Mama Wilkista. Alikuwa ameketi chini akilia, na hakusema neno. Siku hiyo alikuwa mke aliyefiwa, hakuwa mwalimu wa mtu. Wiki iliyofuata Makokha alihamia ndani ya nyumba, na sasa wakili wake anaiambia mahakama ya Bungoma kwamba aliyenyamaza alikubali.

Kinachonichoma zaidi ni sisi. Mama Wilkista alipoomba wakili wa kituo, bodi ilimjibu kwamba hayo ni mambo ya kifamilia. Mambo ya kifamilia! Ndiyo maneno aliyotutuma tukayapinge kila baraza. Ati waliogopa kuonekana wanampendelea mfanyakazi. Ni aibu, na naiandika hapa nikijua waheshimiwa wa bodi wanaisoma wakiwa meza ya mbele, wakingoja keki.

Kesi itatajwa tena mwakani. Mpaka wakati huo anaishi kwa dada yake, Pauline, chumba kimoja na wajukuu.

Asante, Mama Wilkista, kwa kutufundisha kazi hii na kutuvumilia. Wenzako tumekununulia tangi la maji, lile ulilolitamani la kukinga mvua nyumbani. Limesimama hapa uani kwa sababu paa analo Makokha. Tunakutakia maisha mema, Mama, na siku ukipata pa kuliweka, tutalibeba wenyewe.