Majani ya Nettie

Shangazi Merle, pamoja na wazee wenzako, wenyeji wa asili wa nchi hii, nyinyi kwanza; Mheshimiwa Meya Haddow; Daktari Craddock na wauguzi wa koala wetu; ndugu wageni waalikwa, na nyinyi wanafunzi mliokaa chini:

Mimi ni Silas Tabi, mkata majani wa hospitali hii ya koala. Nimetoka visiwa vya Vanuatu, shule niliacha darasa la sita, na mgongo huu umebeba matawi ya mikaratusi miaka kumi na saba. Nimeombwa, kabla jengo hili la elimu halijafunguliwa, niwaeleze habari za Nettie.

Nettie ni koala, na koala, kama mjuavyo, ni mnyama wa mitini asiyekula ila majani ya mikaratusi; aligongwa na gari kwenye barabara ya maghala ya ngano. Mfupa uliunga, lakini hakula. Siku nne nilimpelekea majani mabichi ya shamba letu, siku nne nikayatoa kama yalivyo. Daktari akasema, kwa uchungu, kwamba asipokula hadi kesho yake jioni atampiga sindano ya kumpumzisha moja kwa moja.

Nikamwambia huenda shida ni mti. Akanionyesha kitabu: jani ni lilelile, aina ni ileile.

“Daktari,” nikasema, “mimi nimelelewa kwa majimbi, viazi vya shambani kwetu. Lakini ukinipa jimbi la kisiwa cha pili, nitalala njaa.”

Akacheka kidogo. “Basi nenda, Tabi. Ila ukiniletea jimbi, utalila mwenyewe.”

Je, ni wangapi wangemruhusu kibarua abishane na kitabu? Yeye aliniruhusu. Nikaendesha kilomita arobaini mpaka pale alipogongwa, nikatafuta shina lenye mikwaruzo mingi ya kucha, nikakata matawi matano. Nettie alinusa la kwanza, akaliacha. La pili akalila. Daktari alikaa sakafuni pamoja nami mpaka tawi likabaki kijiti.

Mwezi uliofuata tulimrudisha kwao.

Ndugu zangu, leo shamba letu lina miti iliyooteshwa kwa mbegu kutoka sehemu thelathini na moja. Na koala akiletwa hapa, awe amevunjika au ameungua, kabla hajapimwa hata joto, daktari huuliza: “Mti wake ni upi?” Swali hilo limeandikwa kwenye fomu ya hospitali, mstari wa kwanza, juu ya maswali yote ya wasomi. Nimechoka, sikatai, lakini kwa mstari ule najisifu bila haya.

Asanteni kwa kunitegea masikio. Sasa ingieni polepole. Koala walio ndani ndiyo kwanza wameanza kula.