Kitambaa cha Kufunika Roboti

"Wananiambia limezimwa," mwanamke alimwambia fundi viatu aliyeketi naye, kiti cha mbele yangu kwenye basi. Mwanamke huyo husafisha maabara yenye roboti la kimo cha mtu, linalojifunza kazi kwa kutazama watu. Kabla ya kupiga deki, hulifunika uso kwa kitambaa cha vumbi.

"Unalionea haya, dada?" fundi alicheka.

"Cheka tu, kaka. Juzi nilikisahau usoni pake. Jana nilikikuta mezani, kimekunjwa pembe kwa ndani, kama ninavyokunja mimi."

"Wenzako hao wanakutania."

"Kukunja vile alinifundisha marehemu mama. Pale hakuna mwingine anayejua."

Mimi, kwa kuwasikiliza, nilikuwa nimeshapitiliza kituo changu.

"Basi acha kazi," fundi alisema.

"Wanangu wale nini? Na nikiacha, si roboti lenyewe litashika deki?"

Basi lilisimama mbele ya geti la maabara. Mwanamke alikitoa kitambaa kwenye mkoba, akajaribu kukikunja kwa namna nyingine. Vidole vilirudi vyenyewe kwenye pembe, vikaziingiza ndani. Dereva alizima injini, akamsubiri ashuke.