Kiti Kilichowekwa Juu ya Jiwe

Mgeni rasmi, wakubwa mliofuatana naye, na ninyi majirani mliosimama juani tangu asubuhi: sisi wakaaji wa mtaa huu tumemtuma mwalimu Shakila atusomee maneno haya, kwa kuwa sauti yake inafika mbali na kwa kuwa wengine wote tuliogopa.

KARIBU

Karibu Uwanja wa Mustakabali, unaokuja kuuzindua leo. Siku nyingine ukipotea njia, usiulize kwa jina hilo, maana hakuna mwenye pikipiki atakayekuelewa. Sema tu "Kwenye Jiwe," atakuleta.

HISTORIA

Jiwe lenyewe tuliachiwa na volkano ya 2002 hapa Goma. Moto ulipopoa lilibaki hapa katikati, jeusi, refu kuliko mtu, na waliopotezana wakikimbia walirudi wakasimama karibu nalo, kwa sababu ndilo pekee lililoonekana kutoka mbali. Papa Moïse alimkuta mke wake hapo. Familia ya muzee Idriss ilikutana hapo, nusu ikitoka Gisenyi ng'ambo ya mpaka, nusu ikitoka Sake upande wa pili, wakaanza papo hapo kugombana ni nani aliyesahau ufunguo wa nyumba iliyokwisha kuungua. Tangu siku zile, kila mzazi mtaani humfundisha mtoto wake neno moja: tukikimbia tukapotezana, tungojane kwenye jiwe.

Mwaka wa 2021 mlima uliwaka tena, tukaamriwa tuhame. Mama Kanyere, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, ambaye samaki wake wengi wenu mmewala, alishika njia ya Sake na binti yake Bénita mkononi. Msongamano uliwaachanisha. Mama aliwahi kurudi kabla yetu sote, akafudikiza ndoo yake pembeni ya jiwe, akakaa. Watoto wengi waliopotea waliletwa na watu wasiowajua, na walipoulizwa kwao ni wapi, walitaja jiwe. Bénita bado. Mama akahamishia biashara yake hapo hapo, na hata anapopima samaki macho yake yako juu ya kichwa cha mnunuzi, upande wa Sake. Tunampenda mama huyu, na roho inatuuma hata tunapojifanya hatuoni.

MAFANIKIO

Mafanikio ni mengi, mgeni rasmi, hatujui tuanzie wapi. Mawe meusi ya mji wetu yameondolewa, yameletwa meupe kutoka mbali, na sasa tunajua kila aliyepita na matope. Kuna majani ya kijani ambayo hayakanyagwi. Kuna mabenchi yenye chuma katikati, ili mtu asije akapumzika kupita kiasi. Na kuna chemchemi! Siku ya kuijaribu maji yaliruka juu kuliko nyumba, na sisi ambao bomba zetu zimenyamaza tulikuja mbio na bidoni za kutekea maji, tukafukuzwa kwa heshima kubwa. Tunashukuru. Watoto wetu walau wameyaona.

CHANGAMOTO

Injinia wa mradi alikuja kutusikiliza, na alitusikiliza kweli. Aligonga jiwe kwa ncha ya kiatu akauliza, "Hili ni la nini?" Sasa, hapa Goma ukimuuliza mtu habari ya jiwe anakujibu kama mjenzi. Papa Émile, fundi mwashi, alisimama akalisifu kwa niaba ya wote: "Injinia, hii ni jiwe ya nguvu! Haipasuke ovyo. Ukiitia ku fondasio, nyumba haitikisike!" Makofi yakapigwa. Injinia akaandika. Kwamba watu hungojana hapo, hakuna aliyesema, kwa sababu nani anaeleza jambo ambalo kila mtoto analijua?

Wiki iliyofuata jiwe lilipasuliwa, vipande vyake vyote vikatiwa kwenye msingi wa jukwaa hili ulilopandishwa. Papa Émile alisema kweli, halitikisiki.

Mama Kanyere alifika na beseni lake akakuta shimo. Hakulia. Aliuliza tu, "Sasa mutoto akikuja, atasimama fasi gani?"

MAOMBI

Tulikuwa na maombi saba, la kwanza likiwa maji. Tumeyafuta yote asubuhi hii kwa sababu ya jambo ambalo umeliona mwenyewe ulipofika, na ambalo watu wako wa protokoli wamekueleza vibaya.

Walipoweka kiti chako kizuri, chenye kitambaa chekundu, katikati ya jukwaa, Mama Kanyere aliwatazama mpaka wakamaliza. Kisha akapanda ngazi na beseni lake, akakaa. Polisi akamwambia, "Mama, toka! Hii ni kiti ya mukubwa."

Akajibu bila kupandisha sauti, "Najua, papa. Lakini jiwe iko chini yake. Mutoto wangu anajua hapa."

Polisi yule naye ni mtoto wa mtaa huu. Alisogeza beseni lisianguke, akasimama nyuma ya kiti wima, kama anavyosimama nyuma ya wakubwa. Ndiyo maana wewe umekalia kiti cha plastiki cha jirani yetu Mama Eugénie, na tunakuomba ukikalie polepole, mguu wake mmoja ni mgonjwa.

Ombi letu ni moja. Sherehe ikiisha, kiti chekundu kibaki pale kilipo, na mama abaki juu yake. Bénita leo atakuwa msichana mkubwa. Akirudi hataujua uwanja huu, hatalijua jina lake jipya, na jiwe lenyewe hataliona tena. Amebaki na neno moja la mama yake. Na kama sheria za uwanja zinakataa, basi usimtume polisi. Mwendee wewe, umwambie kwa mdomo wako mahali pengine pa kumngojea mtoto wake.

Mwenyezi Mungu akubariki, mgeni rasmi. Akurudishe salama kwa wanao, na siku mkipotezana, wanao wajue pa kukukuta.

Ni sisi,
Wakaaji wa Kwenye Jiwe, Goma