Hiyo Ilikuwa Kazi ya Nani?

Bwana asifiwe. Mmeitika kwa unyonge, lakini siwalaumu. Mimi mwaka jana sikuitika kabisa. Nimesimama kutoa ushuhuda, na sitataja jina la mtu, anayejijua atajijua.

Wengi wenu mlikuja kwangu hapa mtaani Satellite nilipopoteza mtoto. Kwa wageni, niseme tu hivi: nilienda kliniki kujifungua, nikaachwa kitandani tangu asubuhi mpaka jua likazama. Nikiita sista wa zamu, naambiwa, "Mama, wacha kelele, wewe si wa kwanza kuzaa." Walipokuja kuniangalia, mtoto alikuwa ameshanyamaza tumboni.

Mlikuja, mkanishika mkono. Na kila aliyefungua mdomo, ndugu zangu, kila mmoja alisema: "Kazi ya Mungu haina makosa." Ukiambiwa hivyo utajibu nini? Mume wangu alitaka turudi kliniki tukaulize. Nikamwambia, "Tuulize nani? Unataka kushtaki Mungu?" Akaliacha hilo jambo. Nikarudi kazini saluni pale Adams, nasuka watu wakipiga stori, mikono inafanya kazi, mimi mwenyewe sipo. Kijana wangu mkubwa akianguka naona damu, nafuta, basi. Silii. Feloship yetu ya kusoma Biblia nilikuja kwa sababu ilikuwa Alhamisi na Alhamisi huwa tunakuja.

Tulikuwa tunasoma ile barua ambayo mtume aliwaandikia waumini wa Roma, tumefika kwa imani na haki ya Mungu. Mama anayetufundisha akauliza haki ni nini. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Haki gani? Ameua mtoto wangu na nyinyi mnasema hana makosa."

Dada mmoja akanigusa goti. "Mpenzi, usikufuru. Imeandikwa, kazi ya Mungu haina makosa."

"Imeandikwa wapi?" mwalimu akamuuliza.

"Si ni Zaburi?"

"Zaburi wapi! Hiyo ni Ayubu."

"Aki nyinyi, ni Mithali. Mimi nimeisikia kwa kila matanga."

"Haya, tafuteni," mwalimu akasema.

Tukafunua. Wengine wakatafuta kwa simu. Chai ikapoa. Maneno yenyewe hatukuyapata. Kilichokaribia ni pale Musa anasifu kazi ya Mungu kuwa kamilifu na njia zake kuwa za haki. Yule dada akafurahi. "Si mnaona?"

"Naona," mwalimu akasema. "Sasa niambie. Kumwacha mama akiita siku nzima, hiyo ilikuwa kazi ya Mungu ama ya sista?"

Akaturudisha kwa ile barua, mahali mtume anasema viumbe vyote vinaugua kama mama mwenye uchungu, na Roho anaugua pamoja nasi maneno yakituishia. Akanigeukia. "Mama, Mungu alikuwa kwa hicho kitanda, akiita sista pamoja na wewe. Makosa yalikuwa ya watu. Na watu huulizwa."

Ndugu zangu, nawaambia, sikuruka wala sikuimba. Nilienda nyumbani nikamwambia mume wangu, "Kesho tunaenda kliniki."

Walituzungusha. Leo mkubwa hayuko, kesho faili haionekani. Tukarudi, tukarudi, mpaka mkubwa wao akakaa mbele yetu akasema, "Mama, hukuangaliwa." Ni hayo tu, na bado tunafuatilia. Lakini nililia kwa ile ofisi mpaka wakaniletea maji, na sikuwa nimelia tangu siku ile.

Namshukuru mume wangu, aliyeningoja. Namshukuru mwalimu wetu. Na jirani mmoja ambaye hakusema chochote, alikuja tu akafua nguo za kijana akaanika akaenda, Mungu akubariki sana.

Wengine wote, nawasamehe, lakini sikieni. Ukienda kwa mwenye msiba na huna neno, osha sufuria. Usimpe Mungu kesi ya mtu mwingine.

Na kwa vile hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu mtoto mwenyewe: alikuwa msichana. Alikuwa na nywele nyingi, zimelala mpaka shingoni.